Sentimita ya Thelathini na Moja

Tumezima injini mkabala wa mdomo wa mto Awach.
Omuga anashika kasia, mimi nashika bomba,
plastiki angavu, urefu wake mguu wa mtu mzima.
Nalisukuma chini mpaka kwapa ziguse maji,
mpaka tope liseme basi.
Naziba kwa kiganja, navuta,
na ziwa linalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mashapo, huandika mkuu wangu kwenye ripoti.
Omuga huita uchafu.
Bibi yangu angeita unga,
maana aliuchota udongo akaunusa kabla ya kupanda.

Nasoma kutoka juu kwenda chini.
Kwanza uji mweusi wa magugu maji yaliyooza,
uzi wa wavu, kifuniko cha soda,
pakiti ya sabuni inayokataa kufa.
Sentimita ya sita, mchanga wa chengachenga:
hapo sepetu zilibomoa kingo
na malori yakaamsha kilichokuwa kimelala.
Sentimita ya kumi na nane, mstari mwekundu, unene wa kidole:
El Ninyo, mvua iliyobeba choo cha shule
na ng'ombe wawili wa Nyagudi, mmoja angali hai.
Hapa hapana mkono wa mtu, nasema.
Omuga anacheka.
Na miti ya kule milimani, ilikatwa na mvua?

Sijibu. Natelezesha rula.

Thelathini na moja.
Rangi inageuka ghafla, kahawia yenye damu kidogo,
na punje nyeupe za chokaa, kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye haraka.
Naijua rangi hii.
Niliivaa magotini nikiwa darasa la pili,
Nyakach, ukingoni mwa korongo.

Korongo.
Kiswahili kilimpa ndege na jeraha jina moja,
nami utotoni nilidhani ardhi yetu
siku moja itakunjua mbawa.
Kumbe ilikuwa ikienda kwa miguu.
Ilianza kwa njia ya ng'ombe, kwato juu ya kwato,
njia ikawa mfereji, mfereji ukawa chumba,
chumba kikawa shimo la kuficha kanisa na mnara wake.

Baba na baba mdogo Ondiek
wamesimama mbele ya hakimu mara tisa
kwa ajili ya mpaka, yaani mkonge mmoja.
Huyu ana wakili, yule ana ramani yenye mhuri.
Mkonge wenyewe ulianguka mwaka juzi,
na hatua arobaini za ugomvi
ziko humu bombani, zinanidondoshea maji gotini.

Nikawaambie? Nikasema, Mheshimiwa,
shamba limehama, halikuacha anwani,
sasa linafukia mazalio ya ngege,
linafanya mashua zikwame pale babu alipopiga mbizi?
Haba na haba hujaza kibaba, tuliimba shuleni.
Hatukuuliza kibaba cha nani.

Chini kabisa kuna kijivu, laini kama ulimi wa ndama,
cha enzi zisizo na jembe,
mvua tu, na upepo, na majivu ya mlima uliotapika mbali,
na nyasi zilizokufa kwa wakati wake.
Huko maisha ya mtu ni ukucha mmoja wa tope.
Yangu mimi, na bado sijafika hamsini,
ni kiganja kizima.

Omuga anauliza kama tumemaliza.
Bado vituo saba, na upepo umeanza kugeuza maji.
Nakata vipande, natia mifukoni,
naandika tarehe, kina, namba.
Kwenye mfuko wa thelathini na moja,
pale palipochapwa neno *chanzo*,
nilipaswa kuandika jina la mto.
Naandika: Dorsila Nyagilo, mkulima.
Kalamu haishiki kwenye plastiki iliyolowa.
Naifuta kwa sketi, naandika tena.